Kabla na Baada ya Lakini

Mswahili akisifiwa mtu mbele yake haitikii haraka. "Yule bwana ni mtu wa watu," anaambiwa, naye anasema "ehe." "Msibani hakosekani, na ukimkopa hakunyimi." "Ehe." Kadiri sifa zinavyozidi ndivyo "ehe" inavyozidi kuvutwa, kwa kuwa sikio limeshajua kwamba yote haya ni utangulizi. Ikishatoka lakini, ndipo anaposogeza kiti. Yaliyosemwa mwanzo yalikuwa ya adabu. Yanayokuja sasa ndiyo yaliyomleta msemaji.

Tabia hii tunafunzwa mapema. Ripoti ya shule ya msingi inayoletwa nyumbani mwisho wa muhula ina sehemu ya maoni ya mwalimu wa darasa, mstari mmoja kwa kalamu ya bluu: "Ana akili nzuri, lakini ana mchezo darasani." Mzazi anausoma, anamtazama mtoto, na mazungumzo ya usiku ule yanakuwa ya mchezo tu. Hakuna anayeuliza hiyo akili nzuri imeonekana katika somo gani. Mwalimu yule yule angeandika, "Ana mchezo darasani, lakini ana akili nzuri," mtoto angelala kwa amani. Hakuna neno lililoongezwa wala lililopunguzwa. Kilichobadilika ni jambo lipi limetangulia lakini na lipi limeifuata.

Naandika haya kwa sababu naamini neno hili tumelidhulumu. Tumelizoeza kufuta, nalo halikuja kufuta. Kazi ya kufuta ina mwenyewe, naye ni bali.

Maneno haya mawili yamo katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na waliosoma chuoni pwani watakumbuka mahali walipokutana nayo wakiwa wadogo. Katika Ajurumiya, kile kitabu chembamba cha sarufi alichokiandika Ibn Ajurrum wa Fes, Moroko, aliyefariki mwaka 1323, zimetajwa herufi 10 za kuunganisha maneno, na mtoto anazikariri kwa sauti pamoja na wenzake. Bal na lakin zote mbili zimo mle, tena karibu karibu, pamoja na aw na hatta ambazo sisi tumezifanya au na hata. Lakini wanasarufi hawakuziacha zichanganyike. Bal waliipa kazi ya kugeuka: msemaji analiacha alilolisema na kulishika jingine. Lakin waliipa kazi waliyoiita istidraki, yaani kuwahi. Nimesema fulani ni tajiri. Nahofia utadhani basi na mkono wake umekunjuka. Nakuwahi kabla dhana hiyo haijakaa: lakini ni bahili. Utajiri wake uko pale pale. Sikuurudisha nyuma wala sikuutilia shaka. Nilichokizuia ni lile kosa ambalo ungelifanya kwa kuusikia utajiri peke yake.

Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili kwangu. Neno la kupinga limewekwa kwa ajili ya msikilizaji, asipotoke. Halikuwekwa ili kubomoa kilichokwisha kusemwa.

Angalia zinavyotofautiana zikiwekwa mahali pamoja. "Si mwizi bali ni mdeni." Wizi umekwisha hapo, aliyekuwa akimshuku ameambiwa alikosea, na badala yake amepewa lililo sahihi. "Si mwizi lakini ni mdeni." Hapa mambo mawili yamesimama. Heshima yake tumemrudishia, na deni tumemwachia. Mzee wa baraza anayepatanisha watu wawili juu ya fedha anajua fika lipi kati ya maneno hayo litamfaa saa hiyo, na akikosea kuchagua kikao kitavunjika.

Katika maisha ya kila siku, hata hivyo, tunasema lakini na msikilizaji anasikia bali. Sikiliza msamaha unavyoombwa. "Nisamehe, lakini na wewe ulizidi." Nusu ya kwanza imekufa papo hapo, aliyeombwa msamaha hatakumbuka kwamba aliombwa. Sikiliza rambirambi. Mtu amefiwa na mtoto, amekaa mkekani, na kila anayeingia anamshika mkono: "Pole sana, lakini kazi ya Mungu haina makosa." Maneno hayo ni ya kweli kwa anayeyaamini, na wanaoyasema wanayasema kwa huruma. Ila yakija kwa mpangilio huo yanamtaka mfiwa aharakishe. Pole inageuka kuwa mlango tu wa kupitia kwenda kwenye funzo. Nimemsikia bibi mmoja wa ukoo wetu, amekaa karibu na mama aliyezika, akiyageuza: "Kazi ya Mungu haina makosa, mwanangu, lakini inauma." Kisha akanyamaza. Yule mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiitikia tu kama inavyopasa, alilala mapajani kwa bibi akalia. Imani haikupunguzwa hata chembe, na uchungu ulipewa haki yake ya kusikika mwisho.

Basi haitoshi kuchagua neno. Kuna na la kuuliza: kipi nakiacha masikioni mwa mwenzangu nitakaponyamaza?

Mahali ambapo nimeona lakini ikifanyiwa kazi kwa ustadi kuliko popote ni katika posa. Pwani yetu hakuna mzee anayejua mambo atakayemwambia mshenga "hapana." Neno hilo linaumiza ukoo mzima, na koo hizi mbili kesho zitakutana msikitini au sokoni. Lakini ndiyo inayobeba kukataa, na inabeba pia kukubali kusikotaka kuonekana kuna haraka. Mshenga hodari huisikiliza sauti ya lakini zaidi ya kinachofuata.

Nilikuwepo katika posa moja ya namna hiyo, nimekaa na vijana wa nyumba tunaopitisha kahawa na kashata. Wazee wameketi juu ya jamvi, wanawake wako chumba cha pili, pazia limeshushwa na nyuma yake kila neno linasikika. Mshenga alikwisha kusema yake kwa urefu. Mkubwa wa nyumba, mjomba wa binti, akajibu taratibu.

"Tumewasikia, na tumefurahi mmetuona tunafaa. Kijana wenu tunamjua. Ana adabu, ana kazi yake, sala hazimpiti. Lakini..."

Alisimama hapo. Mshenga aliangalia ndani ya kikombe. Kikombe cha kahawa hakina kitu cha kuangalia, ila macho yalihitaji pa kwenda.

"Lakini binti bado anasoma."

Hapo kikao kilikuwa kimekwisha, na kila mtu alilijua hilo. Mshenga alianza kukusanya maneno ya kuagia. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya shangazi yake binti.

"Kaka, samahani naingilia. Binti anasoma, na kijana anasubiri. Hapo ugomvi uko wapi?"

Kimya kidogo, kisha mjomba akacheka. "Haya mshenga, umesikia. Umwulize kijana wako kama ana subira."

Shangazi hakupinga lolote kati ya yale mawili. Alichukua "binti anasoma" kama ilivyo, akaliondoa neno lililokuwa katikati na kuweka na. Angeweza kubishana kwamba masomo yanakaribia kwisha, au kwamba ndoa haizuii masomo, na hapo yangezuka maneno. Yeye aliona kwamba mambo yale mawili hayakuwahi kugombana. Ni lakini ya mjomba iliyoyagombanisha. Tangu siku ile nikisikia lakini katika kikao huijaribu kimoyomoyo kwa na, na mara nyingi sentensi husimama vizuri tu. Inapokataa kusimama, hapo najua pana upinzani wa kweli, na unastahili kushughulikiwa kwa heshima zote.

Ila nayo ina habari zake, na ni ndefu. Imetoka katika illa ya Kiarabu, neno la kubagua, la kutoa kimoja katika wengi. "Wote wamekuja ila Juma." Methali yetu imeitumia kwa ukali: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wote waliokula nawe wanaondolewa kwa pigo moja, kisha mmoja anarudishwa. Ndiyo kazi ya illa katika shahada ya Kiislamu pia, ambapo masheikh hufundisha kwamba kuna kukanusha kwanza na kuthibitisha baadaye: kila kinachoabudiwa kinakanwa, anabaki Mmoja. Mamilioni ya watu wanaosema Kiswahili wanalitamka neno hilo mara kadhaa kila siku, na imani yao yote imepita katika silabi zake mbili.

Wakati huo huo tuna ila nyingine, yenye maana ya kasoro. "Bibi arusi hana ila." Hii ni nyingine kwa asili. Inatokana na illa ya Kiarabu inayoanza kwa herufi ayn, yenye maana ya ugonjwa au dosari, na wataalamu wa hadithi za Mtume huitumia kwa dosari iliyojificha: mlolongo wa wapokezi unaonekana mzima, kila jina linajulikana, na bado ndani yake mna ila ambayo bingwa pekee ndiye anayeiona. Ulimi wa Mswahili hauitamki ile ayn, kwa hiyo maneno mawili yaliyokuwa mbalimbali yamekutana hapa kwetu yakawa sauti moja. Sauti hiyo moja sasa inasema "isipokuwa" na inasema "kasoro."

Ningesema ni bahati tu ya matamshi kama isingekuwa walakini. Hili ni lakini lenye "na" ya Kiarabu mbele yake, kiunganishi kabisa, na wazee wengi bado wanalitumia hivyo. Lakini Waswahili hawakuridhika nalo likiwa kiunganishi. Wamelifanya jina. "Biashara ile ina walakini." "Nimemchunguza, naona kuna walakini." Hapo linamaanisha dosari au shaka, jambo ambalo bado halijasemwa na litasemwa. Mtu akikuambia kuna walakini hakuhitaji kumalizia. Kwa njia mbili tofauti kabisa, moja ya bahati na nyingine ya makusudi, lugha yetu imeliunganisha neno la kupinga na kasoro ya kitu. Nadhani ndiyo sababu sikio letu ni jepesi hivyo. Tunaposikia lakini, tayari tunasikia doa.

Na doa si neno la mwisho juu ya mtu. Kusema mtu ana walakini si kusema hafai. Wazee walisema hapana masika yasiyo na mbu, na walikuwa wakizungumza kama wakulima: masika hayo hayo yenye mbu ndiyo yanayolimiwa.

Vijana wa Dar es Salaam wameipeleka ila mahali papya. "Ila watu!" wanasema, wakitikisa kichwa mbele ya jambo la kushangaza. "Ila wewe!" anaambiwa rafiki aliyefanya kituko. Hakuna sentensi iliyotangulia ambayo ila hii inaipinga, wala hakuna inayofuata. Baadhi ya walimu wanaiona ni uharibifu. Mimi naisikia kwa furaha. Rafiki anayeniambia "ila wewe!" ananiondoa katika watu wote wa kawaida na kuniweka peke yangu, kwa mshangao na kwa mapenzi, ni kubagua kule kule kwa zamani, ila wale "wote" wamebaki bila kutajwa. Kinachonisumbua zaidi katika usemi wa mjini ni kwamba ila imeanza kukalia kiti cha lakini kila mahali, hata kwenye maandishi ya kazini. "Tumepokea maombi yako ila hatujayafanyia kazi." Istidraki imepotea hapo. Mwombaji hajawahiwa wala hajaelezwa, ametengwa tu.

Kabla ya maneno haya ya Kiarabu, na sambamba nayo hadi leo, Kiswahili kina njia zake chenyewe za kupinga, na nyingi zimejengwa kwa kitenzi kuwa. Ingawa ni i-nga-wa: hata kama ni hivyo. Isipokuwa ni i-sipo-kuwa: kama si hivyo. Ukivifungua vitu hivi ndani unakuta sharti. Babu zetu walipotaka kupinga walianza kwa kukubali: na iwe, hata ikiwa. Ingawa ina uungwana ambao lakini haina, kwa sababu inatangulia. "Ingawa ana mchezo, ana akili nzuri." Msikilizaji ameonywa tangu neno la kwanza kwamba kuna upande wa pili unakuja, hakuvutwa kwenye sifa ili ashtukizwe. Walimu wengine hukata kwa wino mwekundu sentensi yenye ingawa mwanzo na lakini katikati, "ingawa ni maskini lakini ni mkarimu," wakisema moja yatosha. Kwa hesabu ya maana wako sahihi. Watu wataendelea kusema hivyo, maana ingawa inamwandaa msikilizaji na lakini inampokea.

Kuna pia mbona na kumbe, ambazo sarufi za shuleni huzipitia haraka. Mbona inapinga kwa kuuliza na kumwachia mwenzako nafasi ya kujieleza: "Mbona ulisema utakuja?" Kumbe inampinga msemaji mwenyewe. Nilidhani hivi, kumbe vile. Sijui neno jingine letu linalomfanya mtu akubali kwa silabi mbili, bila aibu, kwamba alichokiamini hakikuwa.

Methali nazo mara nyingi hazihitaji kiunganishi chochote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Dharau iliyomo katika hii ya pili siipendi. Ilizaliwa wakati wa chuki kwa wafanyabiashara wa Kihindi na imeibeba hadi leo. Kwa ujenzi wake, hata hivyo, inafundisha. Pale katikati, penye pumzi tu, mna lakini ambayo kila Mswahili anaisikia, na hakuna hata mmoja anayesikia bali. Ubaya anaosingiziwa Baniani haufutwi na dawa, na dawa haifutwi na ubaya. Tunajua vizuri sana kushika mambo mawili kwa pamoja tunapokuwa ndani ya methali.

Washairi wa mizani wanalijua neno hili kwa vidole. Katika shairi la mizani 16 kila kipande kina mizani 8, na wa-la-ki-ni ni nne kamili, nusu ya kipande, tena linaishia na "ni," kina kilicho rahisi kupatiwa wenzake. Lakini ni tatu, bali na ila ni mbili mbili. Mshairi aliyeishiwa nafasi huchukua bali pale alipotaka walakini, na mara nyingine maana humponyoka hapo. Wazuri hawakubali. Kujibizana kwa mashairi, kama kule kwa zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, kulitaka mtu aushike kwanza usemi wa mwenzake, mara nyingi kwa vina vile vile, ndipo ampinge. Ukimfuta mpinzani wako huna tena wa kumjibu.

Abdilatif Abdalla, naye wa Mombasa, alilipia gharama ya neno hili. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika kijitabu cha kuikosoa serikali, kiitwacho Kenya: Twendapi? Serikali ikamfunga kuanzia 1969 hadi 1972. Tungo alizozitunga gerezani kwa siri zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimtia ndani. Sitaki kuipunguza dhuluma ya kifungo kile kwa sababu ya tuzo, wala kuipunguza tuzo kwa sababu ya kifungo. Yote mawili yalitokea, kwa mtu mmoja, katika nchi moja. Ndiyo maana nalitaka neno linaloyaacha yote mawili yasimame.

Tanzania Bara na Zanzibar zina lakini zao za kitaifa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi juu ya mfumo wa vyama. Karibu watu 8 katika kila 10 walisema chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi. Kwa mtu anayesikia bali kila penye lakini, hilo lilionekana kama kuwapuuza walio wengi. Mimi nalisoma vingine: wengi walisikilizwa, lakini ilionekana kwamba wale wachache nao wana haki ya kuwa na chama chao. Sheria ikabadilishwa 1992. Uchaguzi wa 1995 ulipofika, Benjamin Mkapa wa CCM alishinda kwa asilimia 61.8, na Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi akapata 27.8. Chama kilichopendwa na wengi hakikufutwa na uamuzi ule, na waliokuwa wachache walipata mahali pa kusimama.

Zanzibar mwaka ule ule hali ilikuwa nyingine kabisa. Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Matokeo yalibishaniwa vikali, na miaka iliyofuata ilikuwa ya uchungu mkubwa. Januari 2001 waandamanaji waliuawa Unguja na Pemba. Katika visiwa ambavyo watu wamegawanyika karibu nusu kwa nusu, kila upande ulikuwa unautaka utawala uwe sentensi ya bali: si wao, bali sisi. Na familia zenyewe zilikuwa zimegawanyika hivyo. Watu walihesabiana harusi na mazishi kwa rangi za bendera.

Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana na kuanza yale yaliyokuja kuitwa Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa katika kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa: chama kinachoshika nafasi ya pili kimtoe Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1, tofauti ndogo kama ile iliyobishaniwa vikali 1995, na mara hii aliyeshindwa aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza. Sijapata kuona istidraki iliyoandikwa wazi namna hiyo katika sheria yoyote. Fulani ameshinda, lakini usije ukadhani kwamba nusu ya watu wameondoka visiwani.

Mpango ule haukujilinda wenyewe. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, CUF wakaususia ule wa marudio wa Machi 2016, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa bila mtu kwa miaka. Kilipata mwenyewe tena Desemba 2020, Maalim Seif alipokubali kurudi serikalini, sasa akiwa na chama cha ACT-Wazalendo, wengi wa wafuasi wake wakiwa bado na machungu ya uchaguzi wa mwaka ule. Alifariki Februari 2021, na mwezi uliofuata nafasi ikachukuliwa na Othman Masoud Othman wa chama hicho hicho.